Kate Reddy na pai ya dukani

I Don't Know How She Does It ni filamu ya vichekesho ya Marekani iliyotoka Septemba 2011. Mhusika wake mkuu ni Kate Reddy, anayesimamia fedha za wawekezaji katika kampuni moja ya Boston, mke wa msanifu majengo na mama wa watoto wawili. Kate ameigizwa na Sarah Jessica Parker, na mumewe, Richard, na Greg Kinnear. Douglas McGrath ndiye mwongozaji. Hadithi imetolewa katika riwaya ya Allison Pearson ya mwaka 2002, ambayo yenyewe inatokea London.

Tukio linaloieleza filamu kuliko jingine lolote linakuja mapema. Kate amerudi safarini usiku, na kesho shule ya binti yake inauza vitafunio vilivyopikwa na wazazi ili kuchangisha fedha. Yeye hana alichopika. Anachukua pai ya dukani na kuiharibuharibu kwa makusudi, mpaka ifanane na pai iliyotoka katika jiko la nyumbani. Mtazamaji anacheka, lakini inafaa ajiulize Kate anamwogopa nani. Watoto hawajali pai imepikwa wapi. Anaowaogopa ni akina mama wenzake wasioajiriwa, wanaopima mapenzi ya mzazi kwa unga uliomgandia mikononi.

Kazini anaficha kinyume chake. Huko hakuna anayetaka kusikia kwamba mtoto ana homa au yaya amechelewa. Baba akiomba ruhusa kwa ajili ya mwanawe husifiwa kuwa mlezi mwema; mama akiomba hiyohiyo huonekana hajui kupanga mambo yake, na filamu inalisema hili waziwazi. Vichekesho vyake vizuri huzuka pale siri ya upande mmoja inapochungulia upande wa pili. Kate anakutana na Jack Abelhammer, mkubwa wa New York aliyeigizwa na Pierce Brosnan, huku akiwa ameambukizwa chawa na wanawe, naye hawezi kuacha kujikuna. Usiku halali, amekodoa macho akiorodhesha kichwani yote yanayomsubiri. Naye mtoto wake mdogo ananyolewa nywele kwa mara ya kwanza yeye asiwepo, jambo dogo kwa mwingine, lakini kwake ni siku ambayo haitarudi.

Filamu iligharimu dola milioni 24 hivi na ikaingiza takriban milioni 31 duniani kote, kiasi kidogo kwa nyota wa kiwango hicho. Wahakiki wengi hawakuipenda, na lawama moja ni ya haki: Kate ana mshahara mnono, mume mpole na yaya. Mhudumu wa mgahawa anayelea watoto wawili asingejiona humo.

Udhaifu mkubwa zaidi uko mwishoni. Katika riwaya, Kate anaacha kazi. Katika filamu anamkatalia bosi wake safari ya mwisho wa wiki, anakwenda kutengeneza mtu wa theluji na binti yake kama alivyoahidi, na ajira yake inabaki salama. Inapendeza kutazama, ila kila kitu kimetegemea huruma ya bosi mmoja. Nje ya sinema, sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1993 humpa mzazi likizo ya hadi wiki 12 bila malipo, tena katika kampuni za binafsi huwahusu wafanyakazi wa zile zenye watu 50 au zaidi tu. Ugumu wa aina hiyo hauondolewi na ujasiri wa mama mmoja, na filamu haiugusi.

Vichekesho vinaweza kuugusa. 9 to 5 ya mwaka 1980, yenye Jane Fonda, Lily Tomlin na Dolly Parton, inawaonesha makarani watatu wakimfungia bosi wao nyumbani kwake na kuiendesha ofisi wenyewe. Wanafungua chumba cha kulelea watoto, wanaruhusu saa za kazi zinazobadilika na watu wawili kugawana nafasi moja, na kazi inaongezeka badala ya kupungua. Wazo la filamu hiyo lilitokana na chama halisi cha wanawake wa maofisini kilichoanzishwa mwaka 1973 huko Boston, mji uleule anakokimbizana na saa Kate Reddy.