Somo la Redio: Mbao za Kutengenezea Benchi la Nje

Mwenye karatasi ya somo na aifungue. Asiyeweza kusoma upesi na afuatishe kwa kidole.

Leo tunazungumza juu ya benchi la nje. Nyumba nyingi zina benchi la zamani chini ya mwembe. Mguu mmoja umelika, na mgeni akija huambiwa, "Kaa upande huu, ule si mzuri." Wengine hulipasua kuni. Ngojeni kwanza. Chukueni kisu, mchome miguu na mbao za kukalia. Kisu kikizama kama katika muhogo uliopikwa, kipande hicho kimeoza. Kikigoma, kipande ni kizima. Badilisheni kilichooza tu. Pengine ni mguu mmoja na ubao mmoja.

Sasa mtanunua mbao gani? Wengi watajibu, "Mninga!" Jibu hilo ni nusu tu. Sikilizeni vizuri.

Mti ulio hai hupandisha maji kwa sehemu yake ya nje, iliyo karibu na ganda. Sehemu hiyo ni nyeupe au ya manjano. Ina wanga ndani yake, na kwa hiyo wadudu huipenda. Sehemu ya katikati imekwisha acha kazi hiyo, na mti umeijaza vitu vikali ambavyo mchwa na ukungu hawavipendi. Sehemu hii twaiita kiini. Katika mninga, kiini ni cha rangi ya kahawia. Basi ubao mweupe wa mninga, japo umetoka katika mti wenye sifa, ukiwekwa kwenye mvua utaoza upesi kama mbao hafifu. Na wapo wauzaji wanaoupaka rangi ya kahawia! Mwambieni fundi apitishe randa mara moja. Rangi ya kupakwa huondoka, ya kiini hubaki.

Mkongo, ambao watu wa pwani huuita mbambakofi, ni mgumu na mzito. Kwa miguu ya benchi mimi ningeuchagua kabla ya mninga. Mvule pia hudumu sana nje, lakini mara nyingine una mawe madogo ya chokaa ndani yake, nayo huharibu meno ya msumeno. Vumbi lake huwasha. Fundi na ajifunge kitambaa puani. Mtiki ni mzuri mno, nao hupandwa Longuza, Muheza, na Mtibwa, Morogoro. Ila mtiki uliokatwa ungali mchanga una kiini kidogo. Msonobari wa Sao Hill, huko Mufindi, ni wa bei nafuu na wafaa kwa dari. Nje usiutumie kama haukutiwa dawa kiwandani.

Hata mkongo wahitaji msaada. Ncha ya mguu hunywa maji ya ardhini kama utambi unywavyo mafuta ya taa. Wekeni kila mguu juu ya kipande cha zege. Watu wa Wazo hawana udhuru, maana kiwanda cha saruji kimekuwa kwao tangu mwaka 1966! Kati ya mbao za kukalia acheni nafasi ya kidole, ili maji ya masika yapite. Na kwa kuwa upepo wa bahari una chumvi, misumari ya kawaida hula kutu upesi. Nunueni iliyopakwa zinki. Oili chafu ya magari msiipake mahali pa kukalia. Huchafua nguo na hudhuru ngozi.

Mbao ziwe zimekauka. Ubao mbichi ni mzito kuliko ndugu zake, na ukishapigiliwa hujikunja na kupasuka. Tena ziwe halali, zenye alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mninga mkubwa wa kupasua mbao huchukua karibu miaka 100 kukua, na misitu yake inapungua.

Sasa twaja kwenye risiti, na hapa ndipo mtu asiyejua kusoma hupoteza fedha zake. Muuzaji akiandika "mbao" tu, kesho mkirudi na ubao mweupe atasema hakuahidi kiini. Msiondoke dukani kabla hajaandika jina la mti na vipimo, nanyi someni wenyewe pale pale. Risiti nzuri yaweza kuwa hivi. Someni pamoja, kisha nakilini katika madaftari:

Mbao za mninga, kiini kitupu, kavu. Vipande 3. Urefu futi 6, upana inchi 6, unene inchi 1.
Mbao za mkongo, kiini kitupu, kavu. Kipande 1. Urefu futi 4, upana inchi 4, unene inchi 2.