Kutafuta Chanzo cha Damu Inayovuja Tumboni

Mgonjwa anapotapika damu, au anapopata choo cheusi kama lami, ni dalili kwamba huenda damu inavuja mahali fulani katika njia ya chakula. Kwa kawaida daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni ili akague umio, tumbo la chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba. Na mwingine hupitishwa katika njia ya haja kubwa ili kukagua utumbo mpana. Hata hivyo, sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi, haifikiwi na mipira hiyo. Humo chanzo chaweza kujificha.

Chombo kimojawapo kinachosaidia ni skana ya tomografia, iliyobuniwa na mhandisi Mwingereza, Godfrey Hounsfield. Mwaka 1971 ilipiga picha ya ubongo wa mgonjwa wa kwanza mjini London. Bomba la eksirei huuzunguka mwili, vipokezi hupima miali iliyopenya, na kompyuta hukokotoa vipimo hivyo kuwa picha za mwili mfano wa mkate uliokatwa vipande vyembamba.

Damu pekee haitofautiani sana na vitu vingine vilivyomo utumboni. Kwa hiyo mgonjwa hudungwa katika vena dawa yenye iodini, elementi izuiayo eksirei kwa nguvu. Picha hupigwa kabla ya dawa, kisha dawa inapojaa katika ateri, na tena baada ya muda mfupi. Doa jeupe lisilokuwamo katika picha ya kwanza, likatokea ndani ya utumbo katika ya pili na kutanuka katika ya tatu, huonyesha mahali damu inapovuja. Doa lililokuwamo tangu mwanzo laweza kuwa kidonge tu.

Njia hii ina mipaka yake. Miali ikizidi huweza kudhuru mwili, na dawa yenye iodini yaweza kuathiri figo zilizo dhaifu. Tena, damu huvuja na kusita. Ikiwa imesita wakati wa kupiga picha, doa halitatokea, ingawa mgonjwa angali hatarini. Kwa hiyo picha isiyo na doa haithibitishi kwamba mgonjwa amepona. Daktari hana budi kuendelea kutafuta.