Kijana akianguka, ulizeni kwanza: alianguka wapi?

Ni asubuhi. Wanafunzi wamesimama kwa mistari mbele ya drapo, na jua la Kalemie tayari linachoma. Msichana wa miaka 14 anaona giza, masikio yanamlia, jasho baridi linamtoka, halafu puu! yuko chini. Wenzake wanamzunguka. Mmoja anapiga kelele: «Ni bulozi!» Mwingine: «Hapana, ni kifafa!» Wa tatu anamwinua ili asimame, wa nne anamwangia maji. Jioni, nyumbani, wameanza kutaja jina la bibi jirani.

Wazazi, tusimame hapo kwanza. Ninyi wachimbaji mukiokota jiwe zuri njiani, hamuulizi nani amelitupa. Munauliza limetoka wapi, na munafuata mstari wake. Kwa kijana anayeanguka njo vile vile. Ulizo la kwanza ni hili: alianguka wapi, na alikuwa anafanya nini?

Alianguka akiwa amesimama

Hii njo inaonekana zaidi kwa vijana. Mtu akisimama muda mrefu kwa jua, bila kunywa maji na bila kula asubuhi, damu inashuka miguuni. Tansyo inaanguka, kichwa kinakosa damu kwa sekunde chache. Kuona damu, sindano, maumivu ao hofu kunaweza kuleta jambo lile lile.

Akilala chini, damu inarudi kichwani na anaamka, mara nyingi hata dakika mbili haziishi. Kwa hiyo musimwinue. Mumlaze chali, munyanyue miguu yake, mufungue vifungo vya shingo, na watu wasogee ili hewa ipite. Musimtilie maji kinywani, wala kijiko katikati ya meno. Akiamka, abaki amelala kidogo, kisha aketi, anywe maji, ale kitu. Asipoamka upesi, mumgeuze ubavu na kumpeleka hopitali.

Alianguka akipanda kilima ao akibeba maji

Mama amwangalie ndani ya kope za chini na kwenye viganja. Pakiwa peupe, labda damu ni kidogo. Malaria inavunja damu, minyoo ya tumbo inainyonya, na binti anapoteza nyingine kila mwezi. Kwa labo wanaipima: kwa msichana wa miaka 12 na zaidi asiye na mimba, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, kwa mvulana wa miaka 15 na zaidi, chini ya 13.

Ndagala, maharagi, sombe na ini vinasaidia. Ndimu juu ya chakula inasaidia madini ya chuma kuingia mwilini, lakini chai pamoja na chakula inayazuia. Mtoto aliye SS asipewe vidonge vya chuma bila munganga kusema. Kama kuna homa, apimwe malaria siku ile ile. Na binti akikosa siku zake, mama amwulize pembeni, polepole, bila kelele. Akiwa na maumivu makali ya tumbo, ni hopitali saa ile ile.

Alianguka ndani ya shimo

Hapa, ndugu zangu, hakuna kungoja. Kwa sheria ya Kongo, mtoto wa chini ya miaka 18 hana ruhusa ya kuchimba, lakini tunajua wako wanaoshuka. Shimo refu linaweza kukosa hewa. Tena iko motopompe: moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi, monoksidi ya kaboni, inayokamata nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, mtu anatapika, magoti yanalegea, halafu anazimia.

Wengi wanategemea mshumaa: ukizimika, wanapanda. Ni vizuri, lakini mshumaa unaonyesha tu kwamba oksijeni imepungua. Gesi ya moteri haiuzimi. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka mbele ya mtu anayekufa.

Basi moteri ibaki juu, mbali na mdomo wa shimo, pahali upepo haurudishi moshi ndani. Kila anayeshuka afungwe kamba. Na mwenzenu akizimia chini, musimfuate: anayeshuka kuokoa anaanguka juu yake, na wa tatu vile vile. Zimeni moteri, mumvute kwa kamba, muite msaada.

Gesi ile ile inatoka kwa mbabula ya makala. Usiku wa mvua, mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa inaweza kuua familia nzima. Watu wawili wakiumwa kichwa pamoja katika nyumba moja, tokeni nje wote.

Alianguka akikimbia

Kijana akianguka katikati ya mpira, ao moyo wake ukipiga vibaya mbele ya kuzimia, ao kama katika ukoo kuna aliyekufa ghafula angali kijana, moyo wake upimwe haraka. Asirudi uwanjani mbele ya munganga kumwona. Na akitetemeka muda mrefu, akajiuma ulimi, na akaamka hajui yuko wapi, inaweza kuwa kifafa. Nacho kina dawa.

Walianguka wengi pamoja

Muangalie kwanza moshi, maji na chakula. Visipokuwa na kosa, mukumbuke Kashasha, karibu na Bukoba, nchi ya Tanzania ya leo. Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Ikaenea mpaka wanafunzi 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Waganga walitafuta sumu na ugonjwa, hawakuona.

Hofu na mawazo mazito vinapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na mwili unaumia kweli; watoto hawajifanyi. Kuzimia kunaweza kupita njia hiyo hiyo: mmoja anaanguka, wenzake wanaogopa, wanapumua mbio mbio, vidole vinachomachoma, kichwa kinazunguka. Hapo wanaoanguka watengwe na umati, waongeleshwe kwa upole. Kelele za mashetani zinaongeza moto.

Na kama kuna anayetaka kumnyooshea mtoto kidole, ajue: sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inampa azabu anayemshitaki mtoto kwamba ni mlozi.

Sasa chukueni kartasi. Andikeni pahali alipoanguka, saa, alichokuwa akifanya, alichokula siku ile, alizimia muda gani, kama alitetemeka. Kartasi ile muipeleke kwa munganga, itamsaidia kujua aanzie wapi. Na yule msichana wa mbele ya drapo? Pengine kesho asubuhi anahitaji tu kikombe cha uji mbele ya kutoka nyumbani.