Gari la Tope Jeusi

Mvua ikikolea Shinyanga, udongo mweusi wa mbuga hugeuka gundi. Tairi huvaa tope mpaka likakosa meno, na gari la kawaida hulala hapo hapo.

Gari lililoweza tope hilo, Land Rover, lilizinduliwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, miaka minane baada ya mwanajiolojia Dk. John Williamson kugundua almasi Mwadui, huko huko Shinyanga. Mbunifu wa gari hilo, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep la vita shambani kwake Wales, akataka mbadala wake. Baada ya vita chuma kiligawiwa kwa mgao Uingereza, hivyo bodi ikatengenezwa kwa alumini. Shida hiyo ikazaa faida: alumini haishiki kutu kama bati. Lakini fremu ya chini ilikuwa ya chuma, na kutu huanzia huko.

Siri ya kujinasua topeni ni magurudumu yote manne kuvuta, pamoja na gia nzito zinazopunguza mwendo na kuongeza nguvu.

Toyota ilifuata na gari lake la aina hiyo mwaka 1951. Jina Land Cruiser likaja 1954. Leo, kwenye barabara za machimbo ya Geita, utaiona Land Cruiser iitwayo “mkonga”, bomba lake la hewa limesimama pembeni ya kioo kama pua ya tembo avukaye mto.