Pampu ya maji chumvi: uliza chuma chake kabla hujalipa

Kuna malalamiko yananifikia kila mara: pampu ya kuvuta maji ya bahari bado ina rangi yake, bodi inaonekana nzima, halafu siku moja inamegeka kama biskuti. Fundi analaumiwa, lakini mara nyingi tatizo ni chuma chenyewe.

Bodi za pampu nyingi ni chuma cha kutupwa cha kawaida, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ndani yake mna grafaiti, kitu kile kile cha kwenye penseli, imekaa kama vipande vyembamba vya majani. Maji chumvi yanakula chuma na kuiacha grafaiti, nayo inashikilia umbo lile lile. Macho yanadanganyika. Kwaruza kwa kisu: pakiwa laini na peusi, hiyo bodi imeshakwisha.

Chuma kinachofaa kazi hii kinajulikana sokoni kama Ni-Resist. Aina inayotumika sana, kwa kiwango cha Marekani cha ASTM A439, ni D-2. Ina nikeli asilimia 18 hadi 22 na kromi kidogo, kama 2 hivi. Nikeli hiyo nyingi hufanya chembe za chuma zibaki kwenye mpangilio uitwao austeniti hata kikipoa. Chuma cha kawaida huwa hivyo kikiwa cha moto mwekundu tu. Magnesiamu inayotiwa wakati wa kuyeyusha huifanya grafaiti iwe vidonge vya duara, na duara halianzishi ufa kirahisi. Ndiyo maana D-2 inatakiwa kuhimili angalau megapaskali 400, yaani kama kilo 40 kwa kila milimita ya mraba, na kuvutika asilimia 8 kabla ya kukatika. Cha kawaida hakifiki hata asilimia 1.

Sisemi hakiliki. Kinaliwa, ila polepole na kwa usawa. Tena maji ya bahari yakilala ndani ya pampu, chuma cha pua huweza kutoboka vishimo. D-2 inavumilia zaidi hapo.

Dukani nenda na sumaku. Ikinata kwa nguvu kwenye bodi, hiyo si D-2, hata muuzaji aape. Isiponata, au ikishika kidogo tu, bado usishangilie, maana chuma cha pua nacho mara nyingi hakishiki. Omba cheti cha kiwandani chenye asilimia ya nikeli.

Nikeli ni ghali, kwa hiyo wewe wa nyanya na maji baridi ya kisima achana nayo. Maji yakipita desisimensi 3 kwa mita, mazao mengi yanateseka kabla hata pampu haijalalamika.

Ukishainunua, usimruhusu fundi wa mtaani aichomelee kwa fito za kawaida. Zinatakiwa fito za nikeli, kisha bodi ipashwe moto wa nyuzi 620 hadi 675 na kupozwa taratibu. Mkazo ukibaki kwenye mshono, maji ya bahari yatapasua hapo hapo. Karakana ikiwa haina tanuri la kufikia joto hilo, agiza bodi nyingine.