Betri za Kuchaji kwa Tochi ya Mzamiaji
Betri ya lithiamu iitwayo 18650, inayotumika katika tochi nyingi za wazamiaji, ilipata jina hilo kutokana na kipenyo chake cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, lakini ile yenye kinga, yaani kisahani cha kielektroniki kinachokata umeme betri inapokaribia kuisha au inapopigwa shoti, hufikia takriban milimita 70, na tofauti hiyo ndogo yaweza kuzuia kifuniko kisikazwe hadi mwisho. Hilo si la kupuuzwa hata kidogo, kwa kuwa mpira wa kuzibia usipokaa sawasawa, maji ya chumvi hupenya. Betri mbili zinazofuatana nazo ziwe za aina na umri mmoja, kwani iliyo dhaifu huisha mapema, na tochi ikiendelea kuwaka, betri hiyo yaweza kutoa gesi ndani ya chombo kilichozibwa kabisa.