Salamanda mkubwa wa China: kuzalisha mingi si kuokoa

Mu mito ya milima ya China kunaishi mnyama anayeweza kufika urefu wa metre 1,80 na kupita kilo 50. Ni salamanda mkubwa. Wachina wanamwita « samaki mtoto », maana wanasema sauti yake inafanana na kilio cha mtoto mchanga. Lakini yeye si samaki wala mjusi, ni ndugu ya chura. Huku kwetu, kusini ya Sahara, hakuna salamanda hata mmoja.

Mnyama huyu anapumua zaidi kwa ngozi. Kwa hiyo anataka mayi ya baridi, safi, yenye kukimbia katikati ya mawe. Dume anatafuta shimo chini ya mwamba, jike anatagia humo mayai yaliyoungana kama shanga, kisha dume anabaki kuyalinda. Mto ukizuiwa kwa ukuta ao mayi ikichafuka, fasi ya kuzalia inapotea.

Tena nyama yake iko na bei kali. Watu walimuwinda sana, kisha wakaanza kumfuga. Leo kuna mamilioni ya salamanda katika mabwawa ya wafugaji, zaidi sana mu jimbo la Shaanxi. Mutu anaweza kusema: basi, ameokoka! Wengi walirudishwa hata mtoni, makumi ya maelfu.

Kumbe shida iko palepale. Kati ya 2013 na 2016, watafiti walitafuta katika fasi 97 za China. Walipata salamanda 24 tu, katika fasi 4, na vipimo vya damu ya ukoo vilionyesha kama wale nao wametoka pengine kwa wafugaji. Mu 2018 wakatangaza jambo lingine: ule salamanda tuliyedhani ni mmoja, ni aina tano ao zaidi, kila moja na mito yake. Wafugaji walikuwa wamezichanganya bila kujua.

Mchimbaji anaelewa hii upesi. Ukimwaga mawe ya mashimo matano mu mfuko mmoja, mfuko unajaa, ni kweli. Lakini hakuna mutu atakayekutengea tena mawe ya kila shimo. Na salamanda ni vile: aina mbili zikizaana, watoto ni wengi, lakini aina ya zamani inapotea, na hakuna pesa itakayoirudisha.

Wajapani wanajua uchungu huo. Wao wako na salamanda wao mkubwa. Bustani ya wanyama ya Asa, mjini Hiroshima, njo ilikuwa ya kwanza kumzalisha, mu 1979. Lakini salamanda walioletwa toka China waliingia mto Kamo, mjini Kyoto, wakazaana na wale wa pale. Sasa wataalamu wanawakamata, wanapima ukoo wa kila mmoja, na waliochanganyika hawarudishwi mtoni.

Kazi ya kuokoa inakuwa basi ya polepole: kupima kwanza, kutenga kila aina mu bwawa lake, kisha kurudisha kila moja katika mto wake. Na mto wenyewe ubakie safi. Mnyama anayepumua kwa ngozi hawezi kufunga pua mayi ikiharibika.